Duma Haijaingia Uwanjani

Hukumu inayosikika zaidi Afrika Mashariki juu ya albamu ya bendi ya metali ya Duma, tangu ilipotoka Agosti 2020, ni kwamba hizo ni kelele za Kizungu zilizotiwa vinywani mwa vijana wa Kikenya. Wenye adabu husema ni muziki uliotengenezwa Kampala kwa ajili ya masikio ya London na Berlin. Wenye hasira husema ni ushetani. Na ubishi ukipamba moto hutafutwa mahali pa kuufungia, mahali ambapo hukumu hiyo inadhaniwa haihitaji hata ushahidi: kijijini, kwenye ngoma za asili, kwa wakulima na wafugaji. Upelekeni muziki wenu Bariadi, Usukumani, huambiwa watetezi wa metali, tuone nani atabaki uwanjani. Mimi nakubali twende huko huko. Hoja ya wapinzani inavunjikia Bariadi kabla ya kuvunjikia Nairobi, kwa sababu Usukuma, kuliko sehemu nyingi za Tanzania, una kipimo chake cha kale cha kuamua ni muziki upi wenye haki ya kusimama mbele za watu, na kipimo hicho hakimwulizi mchezaji sauti yake ameitoa wapi.

Kwanza tujue tunabishania nini, maana wengi wanaoihukumu albamu hii hawajaisikiliza hadi mwisho. Duma ni Martin Khanja, anayejiita Lord Spike Heart, na Sam Karugu, wote wa Nairobi. Jina la bendi ni la Kikikuyu, maana yake giza. Yule mnyama wa mbuga za Meatu hahusiki. Kabla ya kuungana mwaka 2019 walikuwa wamepitia bendi za metali za jiji lao, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, katika Nairobi iliyokuwa hata na redio ya roki, X FM, pamoja na mashabiki wa kutosha kujaza kumbi ndogo. Katikati ya mwaka huo walikwenda Kampala, kwenye studio za lebo ya Nyege Nyege, wakarekodi nyimbo tisa. Karugu aliweka kando gitaa la besi, akashika gitaa la umeme na kompyuta. Khanja akabaki na koo lake. Mpiga ngoma hawakuwa naye. Midundo ilipangwa kwenye mashine, ikakimbizwa kwa kasi ambayo mikono ya binadamu isingeihimili kwa muda mrefu, kisha ikakwaruzwa mpaka mahali pengine huwezi kutenga ngoma na gitaa. Juu ya yote hayo Khanja ananguruma, anapiga mayowe, anashusha pumzi, anarudi tena. Katika “Lionsblood” na “Pembe 666” sauti yake haitafuti kukubembeleza. Inataka ukae au uondoke.

Uamuzi huo wa kufanya kazi bila mpiga ngoma ndio unaonishawishi kwamba neno “kuiga” halifai hapa. Metali tunayoambiwa ni mali ya Wazungu ilijengwa Birmingham na watu wanne, kila mmoja na chombo chake: albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotoka Februari 1970, ni gitaa, besi, ngoma na mwimbaji. Muundo huo ndio uliozunguka dunia nzima, na bendi nyingi za Nairobi ziliufuata kwa uaminifu. Duma waliuvunja. Walipouvunja hawakuwa Birmingham. Walikuwa katika nyumba ambamo kasi ya mashine ilikuwa jambo la kila siku. Mwaka 2017 lebo hiyo hiyo, Nyege Nyege Tapes, ilikuwa imetoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam, muziki unaopita mapigo 200 kwa dakika bila kutoa jasho. Sisemi Karugu alimwiga Sisso. Nasema albamu ya Duma ilizaliwa mahali ambapo kijana wa Tandale na kijana wa Nairobi walikuwa majirani wa kazi, na kwamba anayecheza singeli kwenye disko vumbi la Lagangabilili, halafu akadai masikio ya Mtanzania hayawezi kustahimili kasi ya Duma, hajasikiliza vizuri hicho anachokicheza.

Sasa twende uwanjani. Mkoa wa Simiyu, wenye Bariadi, ulitangazwa mwaka 2012, lakini ngoma zake ni za zamani kuliko mkoa, na kuliko Tanganyika yenyewe. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 waganga wawili, Gumha na Ngika, walishindana nani ana nguvu zaidi, na wafuasi wao wakawa Bagalu na Bagika. Tangu hapo, mavuno yakishaingia na pamba ikishachumwa, makundi hayo hukutana katika mbina, yaani mashindano ya ngoma, na utaratibu wake unastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayependa kusema juu ya “asili”. Makundi mawili huanza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Hakuna anayesubiri zamu. Ngoma za hawa zinagongana na ngoma za wale, manju wa hapa anaimba juu ya manju wa kule, na watazamaji wako huru kuhama. Kundi lililovuta umati mkubwa ndilo limeshinda. Kwa hiyo kila msimu kila upande hutafuta kitu ambacho mwenzake hajakiona: wimbo mpya wa kejeli, sanamu ya mbao, chatu shingoni, jembe linalorushwa hewani na kudakwa, mavazi ya kutisha, na dawa ya mvuto juu yake. Anayerudia alichokileta mwaka jana anaachwa peke yake na ngoma zake.

Katika utaratibu huo, sauti kubwa inayogongana na sauti nyingine kubwa ni hali ya kawaida ya muziki, wala hakuna anayeiita kasoro. Kutisha ni ufundi. Jina la Ng'wanamalundi, mcheza ngoma na mganga, bado linatajwa Usukumani kwa sababu watu walimwogopa na wakamfuata, yote mawili kwa pamoja. Inasimuliwa alinyoosha kidole mti ukakauka, na Wajerumani walimkamata wakampeleka pwani kwa kuhofia umati uliokuwa nyuma yake. Na upya hauonekani kuwa usaliti wa mababu, maana bila upya hakuna ushindi. Mambo haya matatu, yaani mgongano wa sauti, kutisha na upya, ndiyo yanayotajwa kila siku kama ushahidi kwamba Duma si wa kwetu. Basi ni kwetu wapi wanakokusema? Si Bariadi, wala Itilima, wala Maswa. Ni kijiji cha kufikirika, chenye ngoma za taratibu zisizobadilika, kilichotungwa na watu wa mjini ili kiwasemee.

Atasema mtu: sawa, lakini Bagika na Bagalu walibuni ndani ya vyombo vyao, hawakuchukua gitaa la mgeni. Hoja hii ilikuwa dhaifu tangu zamani. Frank Gunderson, katika kitabu chake cha mwaka 2010 juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma, alikusanya mamia ya nyimbo, na ndani yake wamo wapagazi waliokwenda pwani na misafara, wawindaji wa tembo na askari waliopigana vita vya Waingereza. Watu waliotembea umbali huo hawakurudi na masikio yale yale. Leo hoja hiyo ni dhaifu zaidi. Muziki unaopigwa kwenye maduka, bajaji na harusi za Bariadi, ule unaoitwa wa asili ya Kisukuma, wa Bhudagala na wenzake, umejaa gitaa la umeme, kinanda na midundo ya kompyuta. Hakuna anayesimama mnadani kudai kinanda kirudishwe Japani. Wasikilizaji wanajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba chombo huwa cha yule anayekipiga mpaka kikasema anachotaka yeye. Wanajua hilo kwa Bhudagala, kisha wanaambiwa walisahau kwa Duma.

Chimbuko la hukumu hii naliheshimu, na sitaki lipitwe kwa haraka. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri na kutangaza wizara mpya ya utamaduni, alilalamika kwamba wasomi wa wakati huo walijua rumba, chachacha, twisti na rokienroli, lakini wengi wao hawakuwahi hata kuzisikia gombe sugu, nyang'umumi au lelemama. Alikuwa na haki. Ukoloni ulikuwa umemfundisha Mwafrika kuona haya mbele ya ngoma ya mama yake, na dawa ya aibu hiyo ilipaswa kuwa kali. Lakini itazameni orodha yake kwa macho ya leo. Rumba na chachacha, zilizotajwa siku ile kama alama za utumwa wa akili, ndizo zilizogeuka kuwa muziki wa dansi wa taifa: NUTA Jazz, Atomic, Mlimani Park, Safari Sound. Kanda za Redio Tanzania zilizojaa rumba tunazililia leo kama hazina, na tunaziita zilipendwa. Kilichozitoa kwenye orodha ya wageni ni watu wa Tanga, Morogoro na Dar es Salaam waliozipiga kwa miaka 20 bila kuomba ruhusa, wakizitia Kiswahili, mafumbo na matatizo yao ya nyumba na mapenzi. Jambo jingine lililofanyika kwa jina la utamaduni wa taifa, lile la mwaka 1969 la kupiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam, halikumwokoa mtu yeyote na halikuongeza hata mchezaji mmoja wa gombe sugu.

Wako pia watetezi wa Duma wanaoipigania kwa nasaba, na hao nao sikubaliani nao. Husema metali ilitokana na bluzi, bluzi ilitokana na Waafrika waliochuma pamba Mississippi, kwa hiyo Mwafrika akipiga metali anachukua chake. Ni kweli kwamba Black Sabbath walianza kama bendi ya bluzi, na kwa mkoa unaoishi kwa pamba kama Simiyu habari hiyo inagusa. Ila kujibu nasaba kwa nasaba ni kukubali kwamba haki ya kupiga muziki inarithiwa kama ng'ombe. Kama Khanja anahitaji babu wa Mississippi ndipo apige mayowe, basi mkulima wa Meatu anahitaji babu wa Havana ndipo acheze rumba. Albamu ina uzito wake kwa kilichomo. Ingekuwa na uzito uleule hata kama metali isingekuwa na tone la damu ya Afrika.

Linakuja shtaka zito kuliko yote: kwamba Duma ilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu. Ushahidi wa shtaka upo. Nyege Nyege iliasisiwa Kampala na Arlen Dilsizian na Derek Debru, wote kutoka Ulaya. Sifa za albamu ziliandikwa kwa wingi Uingereza na Marekani. Baadaye lebo ya Sub Pop ya Seattle ikawatolea Duma santuri ndogo. Sikatai hata kimoja. Nauliza tu: wangekwenda wapi? Tanzania iliwahi kuwa na bendi ya roki nzito, Sunburst, iliyochanganya gitaa lenye mkwaruzo na ngoma za hapa katika Dar es Salaam ya miaka ya 1970. Albamu yao, Ave Africa, ilitolewa mwaka 1976 na Zambia Music Parlour, nje ya nchi, kisha ikasahaulika mpaka lebo ya Strut ya London ilipoitoa upya. Mtu akisikia kwamba Sunburst ilitolewa Zambia na kufufuliwa London, anaweza kuhitimisha kwamba haikuwa ya Watanzania. Au anaweza kuona kwamba nyumbani hakukuwa na kiwanda cha santuri cha kuwahudumia. Kampuni inayotoa muziki inatuonyesha mlango upi ulikuwa wazi. Haituonyeshi muziki ulitungwa kwa ajili ya nani. Na Khanja mwenyewe hakubaki mlangoni pa mtu: mwaka 2024 alitoa albamu yake ya peke yake, The Adept, kwa lebo aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu.

Kuhusu ushetani nitasema kwa ufupi, kwa kuwa Usukuma umeshalipitia jambo hili. Wamisionari wa mwanzo waliziona ngoma za Bagika na Bagalu kuwa upagani wa hatari, kwa sababu ya dawa na nyoka. Kisha huko Bujora, karibu na Kisesa, kuanzia miaka ya 1950, Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, akaziingiza ngoma kanisani na kuyafanya mashindano yale yale kuwa sehemu ya Bulabo, sikukuu ya Ekaristi. Chatu wa Bayeye, wacheza ngoma za nyoka, hawakubadilika. Kilichobadilika ni uvumilivu wa aliyekuwa akitazama. Uganda nako tamasha la Nyege Nyege, la waasisi wale wale wa lebo, limekabiliwa na kelele za maadili, kwa amri ya Waziri Simon Lokodo mwaka 2018 na kwa Bunge mwaka 2022, na mara zote mbili lilifanyika. Siyatetei maneno yote ya Duma. Albamu ina wimbo ambao jina lake linamwambia msikilizaji ajiue kabla hajauawa, na mzazi wa Bariadi anayekataa maneno hayo yasiingie masikioni mwa mwanawe ana haki yake, na Khanja anapaswa kumjibu. Ila ugomvi huo ni juu ya maneno ya wimbo mmoja. Kuutumia kuufukuza muziki mzima ni kuiadhibu ngoma kwa kosa la manju.

Kinachobaki ni umati. Wapinzani husema: kwa kipimo chako mwenyewe, kipimo cha mbina, Duma wameshindwa, maana Afrika Mashariki hawana umati. Hapa ndipo utaratibu wa mbina unapowageuka. Katika mbina hakuna anayetangazwa kushindwa kabla hajafika. Makundi yote mawili lazima yawe yanapiga, na miguu ya watazamaji lazima iwe huru. Duma walitoa albamu mwezi ambao korona ilikuwa imefunga kumbi karibu dunia nzima. Redio zetu za mikoa hazikuwapiga. Hakuna mwandaaji aliyewaweka jukwaani upande mmoja na ngoma za Kisukuma upande wa pili. Pale Nyakabindi, nje kidogo ya mji wa Bariadi, kuna viwanja vilivyopokea maonyesho ya kitaifa ya Nanenane kuanzia 2018 hadi 2020. Nafasi ya makundi mawili, na hata kumi, ipo. Na asije mtu kusema huo ni muziki wa watoto wa matajiri wa jijini ambao mfugaji hataugusa. Ghanzi, wilaya ya ng'ombe iliyo mbali na mji mkuu wa Botswana, ndiko ilikotoka Overthrust, bendi ya metali ya kifo, na mashabiki wake huvaa ngozi na kofia pana kama wachunga ng'ombe. Wafugaji wa Ghanzi waliisikia kwanza, ndipo wakaamua.

Inawezekana kabisa Bariadi ikaisikia Duma na kuiacha peke yake uwanjani. Hilo lingekuwa jibu halali, na mimi nisingelilalamikia.

Sehemu moja ya shtaka naiacha ikiwa hai, kwa sababu ni ya kweli: fedha na haki. Muziki wa Afrika unapopitia lebo zenye mizizi Ulaya, mikataba yake inastahili kuulizwa, na wasanii wa Duma wanastahili kuulizwa walibaki na nini. Ila wanaouliza swali hilo kwa metali peke yake hawajali haki, wanatafuta fimbo. Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wasukuma mwaka 1950, na kanda zake zimo katika hifadhi ya muziki aliyoiasisi Afrika Kusini; ni haki kuuliza waimbaji wake walipata nini. Manju wa Itilima anayerekodiwa kwa simu kwenye mbina, kisha wimbo wake ukaingizwa kwenye memori kadi dukani kwa mia tano, naye hapati kitu, ingawa sheria ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kuisimamia. Wenye uchungu na unyonyaji wa wasanii waanze na duka la memori kadi lililo karibu na stendi ya Bariadi, ambalo hawahitaji kwenda Kampala kulikuta.